Mwongozo kwa Anayetaka Kuuza Sura Hollywood

Jitazame kwanza kwenye kioo. Ukiona uso wa kupendeza, kidevu kimekaa mahali pake na nywele zinatii kitana, mwongozo huu haukuhusu. Wewe ni stelingi. Utapendwa miaka mitano au sita, magazeti yataandika umekula nini na nani, kisha siku kamera itakapouona mkunjo wa kwanza chini ya jicho utaambiwa asante kwa huduma yako. Lakini ukiona pua imekwenda upande, masikio yamesimama, sauti inakwaruza na tumbo limekutangulia mlangoni, basi umefika. Mwaka ni 1930, sinema zimeanza kusema, na studio zina uhaba mkubwa wa watu ambao hakuna atakayetaka kuwabusu.

Kazi yenyewe ni hii. Stelingi akishtakiwa, wewe ndiwe hakimu. Akipigwa risasi, wewe ndiwe daktari, tena umelewa. Akidaiwa kodi ya nyumba, wewe ndiwe unayegonga mlango. Utaonekana dakika nne, picha itaendelea bila wewe, na watu watatoka ukumbini wakiiga unavyokohoa. Mtaani watakunyooshea kidole: huyu si yule, yule wa ile picha ya… Hapo watakwama. Furahi wanapokwama. Siku watakapomalizia bila kusita, mambo yameanza kuharibika, na nitakuja kukueleza kwa nini.

Usiende Hollywood moja kwa moja. Pitia jukwaani, kama walivyopitia karibu wote utakaokutana nao kwenye foleni ya chai. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji mingi ya Marekani ina kundi lake la maigizo, na makundi mengine yanazunguka kwa treni. Kila kundi lina namba zake kama timu ya mpira: kijana wa mapenzi, adui, mchekeshaji, baba mzee, bibi mzee. Ukisajiliwa baba mzee, wewe ni baba mzee wa kila mchezo, hata kama una miaka 24 na mama yako bado anakutumia soksi. Wiki hii unamkataza binti yako kuolewa na mhunzi, wiki ijayo ni mzimu wa baba yake Hamlet. Jioni unaigiza mchezo mmoja, usiku unakariri wa pili, asubuhi unaufanyia mazoezi.

Mazoezi hayalipwi. Nguo unajinunulia. Na ukiamka katika mji usioujua ukasikia meneja ameondoka na treni ya alfajiri akiwa na sanduku la mapato, usishangae sana, uliza tu njia ya kwenda stesheni. Mambo haya ndiyo yaliyowafanya waigizaji waunde chama chao, Actors' Equity, mwaka 1913, na Agosti 1919 wakagoma. Majumba ya New York yakazima taa, moto ukaenea hadi miji mingine, na baada ya mwezi mmoja mameneja wakakubali kukaa mezani. Waimbaji na wachezaji wa nyuma nao waliunda chama chao, wakamchagua Marie Dressler kukiongoza, mama mwenye mwili na sauti ya kutosha jumba zima, ambaye naye alianzia huko huko nyuma. Mama huyo huyo akiwa amevuka miaka 60 alikuja kutwaa Oscar kwa picha ya *Min and Bill*, na mwaka 1932 na 1933 wenye majumba ya sinema walimtaja kuwa namba moja kwa kuvuta watu, mbele ya warembo wote. Lakini usimfanye mfano. Hesabu zako zipige bila muujiza.

Jukwaani ndiko utakakokutana na mtego wa kwanza, nao umevaa vizuri. James O'Neill alikuwa kijana wa kuahidi. Alipeana zamu na Edwin Booth, mfalme wa Shakespeare wa Marekani, leo huyu Othello na yule Iago, kesho wanabadilishana. Mwaka 1883 akachukua nafasi ya mwinyi wa Monte Cristo, mfungwa anayetoroka gereza. Watu wakampenda kupita kiasi, akanunua haki za mchezo, fedha zikamiminika. Alipotaka kuigiza kitu kingine, watu walibaki nyumbani. Akarudi kwa Monte Cristo. Alicheza hivyo karibu miaka 30, maelfu ya mara, akitoroka gereza lile lile usiku hadi usiku, na sinema ilipokuja ikamtaka afanye nini? Atoroke tena. Mwanawe Eugene, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa tamthilia, alikulia kwenye treni na mahoteli ya safari hizo, na kinyongo cha baba aliyenunuliwa na nafasi moja kiliingia katika tamthilia zake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo huu, na kwa kweli nina moja tu, nyingine ni maelezo yake: ogopa siku utakayofanya jambo vizuri sana.

Turudi kwenye kasoro zako, maana ndizo mtaji. Walter Brennan alifika Los Angeles baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akajaribu biashara ya viwanja ikamtupa, akaingia sinema kama mtu wa kujazia, wale wanaolipwa kwa siku ili barabara isionekane tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ajali ikamtoa meno mengi. Mtu mwingine angelia. Yeye alinunua meno ya bandia, na kuanzia hapo akawa na waigizaji wawili kinywani. Inasimuliwa kwamba kila alipoitwa kazini alikuwa na swali moja la kumuuliza mwongozaji: na meno au bila meno? Bila meno alikuwa babu wa miaka 70, ilhali hajafika 40. Alichukua Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa picha za mwaka 1936, 1938 na 1940. Wivu usikuzuie kutambua hila iliyomo: miaka hiyo watu wa kujazia nao walikuwa na kura, na walimpigia mwenzao. Basi wasalimie wote unaowakuta kwenye foleni.

Kama mtaji wako ni uzito, usiwe na haraka. Sydney Greenstreet, Mwingereza, alikwenda Ceylon kulima chai, ukame ukamrudisha, akaingia jukwaani mwaka 1902. Akaigiza Shakespeare, vichekesho, vyote. Alikataa sinema hadi mwaka 1941, alipokubali kuwa bwana mnene anayewinda sanamu ya ndege katika *The Maltese Falcon*. Alikuwa na miaka 61 na hajawahi kusimama mbele ya kamera. John Huston, mwongozaji, akaiweka kamera chini, karibu na sakafu, ikawa inalipanda lile tumbo kwa adabu, na mnyororo wa saa ukimeremeta juu yake. Basi. Akabaki na miaka minane tu ya sinema, na yote ni ya kukumbukwa. Miaka 39 ya jukwaani hakuna aliyeirekodi.

Sasa tufike chumba cha upambaji, hapa usipite haraka. Ni studio ya Universal, Agosti 1931, joto la bonde la San Fernando. Bwana aliyekaa kwenye kiti anaitwa William Henry Pratt, mzaliwa wa London, ingawa amejipa jina la Boris Karloff. Ana miaka 43. Ameshacheza katika picha nyingi kuliko anavyoweza kuzitaja, na kazi zilipokatika aliendesha malori. Mpambaji ni Jack Pierce, mtu mkali anayevaa koti jeupe kama daktari wa upasuaji. Kazi ni ya saa nne hivi kila siku. Pierce anatandika tabaka la pamba juu ya paji la uso, analowesha kwa kolodioni, gundi inayonuka na kuchoma macho, anasubiri ikauke, anatandika tena, mpaka kichwa kinakuwa bapa juu kama kifuniko cha debe. Karloff anatoa meno yake ya bandia ya upande mmoja, shavu linazama. Halafu yeye mwenyewe anaona macho yako hai mno, yanaelewa mno. Anaomba kope zipakwe nta ile wanayotumia wanaopamba maiti. Zinalegea. Hapo ndipo zimwi la *Frankenstein* lilipopatikana, katika kope, na wazo lilikuwa la mwigizaji.

Kisha avae suti nzito na mabuti ya kunyanyua, atoke kwenye taa na jua. Hana maneno ya kusema hata moja, anaunguruma tu. Mwongozaji, James Whale, anamtaka ambebe mwigizaji mwenzake Colin Clive mabegani kupanda kilima, tena na tena, usiku. Mgongo ulimsumbua maisha yake yote. Picha ikatoka. Mwanzoni, kwenye orodha ya waigizaji, mahali pa jina lake pamewekwa alama ya kuuliza. Onyesho la kwanza hakualikwa. Mimi naona hii ndiyo hadithi nzima ya kazi unayoiomba, imebanwa mahali pamoja: umetoa meno, umetoa kope, umetoa mgongo, na studio imeandika alama ya kuuliza.

Karloff hakunyamaza. Mwaka 1933 Screen Actors Guild ilipoundwa, alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa, na rais wa kwanza, Ralph Morgan, alikuwa mwigizaji wa aina yako, wa kukaa pembeni. Studio zilikataa kukitambua chama mpaka mwaka 1937. Katikati hapo, ukionekana umeshika kadi ya chama, simu yako inaweza kupata ugonjwa wa kutolia. Ishike hivyo hivyo.

Katika *Frankenstein* hiyo hiyo kuna kibarua mwenye kigongo anayeiba ubongo kwenye chuo cha udaktari. Huyo ni Dwight Frye. Broadway walimjua kama mtu wa vichekesho na wa tamthilia nzito pia. Mwaka 1922 alicheza Mwana katika mchezo wa Pirandello kuhusu wahusika sita wanaomtafuta mtunzi. Lakini mwaka 1931, miezi michache kabla ya *Frankenstein*, alikuwa amecheza Renfield katika *Dracula*, mwendawazimu anayekula nzi, na akacheka kicheko fulani ndani ya meli kinachokufuata mpaka nyumbani. Vichaa viwili kwa mwaka mmoja, vyote kwa ustadi mkubwa. Imekwisha. Kuanzia hapo kila aliyehitaji kichaa alimtafuta Frye, na asiyehitaji kichaa hakumtafuta. Aliwaomba wampe vichekesho. Wakampa kigongo kingine. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika alikuwa akifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha ndege, mchana anatafuta nafasi. Mwaka 1943 akapata: angekuwa waziri wa vita wa Rais Wilson, mtu wa suti, mwenye akili timamu. Novemba mwaka huo, kabla picha haijaanza, moyo ulimsimama ndani ya basi la Los Angeles. Alikuwa na miaka 44.

Unaweza kusema hiyo ni bahati mbaya ya wanaocheza vichaa. Basi mtazame ZaSu Pitts. Alikuwa mwanamke wa vidole virefu na macho ya huzuni, na mwaka 1924 mwongozaji Erich von Stroheim alimpa nafasi ya msiba mtupu katika *Greed*, akaiweza kuliko wengi. Halafu akagundulika anachekesha. Mwaka 1930 akapewa nafasi ya mama wa askari katika *All Quiet on the Western Front*, mama anayemuaga mwanawe kitandani. Wakaionyesha kwa watazamaji wa majaribio. Wale walikuwa wametoka tu kumwona kwenye kichekesho. Alipotokea na machozi yake, jumba likaangua kicheko. Studio ikamfuta, ikapiga upya sehemu zake zote na Beryl Mercer. Hakuna aliyesema ameigiza vibaya, maana haikuwa hivyo.

Kuhusu afya, kwa ufupi. Ukiambiwa upakwe rangi, uliza imetengenezwa na nini. Katika *The Wizard of Oz* Buddy Ebsen alipakwa unga wa alumini ili awe mtu wa bati, mapafu yakakataa, akalazwa, nafasi ikaenda kwa mwingine. Margaret Hamilton, mwalimu wa zamani wa chekechea aliyecheza mchawi, alipakwa kijani chenye shaba. Desemba 1938 moto wa kutowekea ukawaka mapema, ukamuunguza uso na mkono, na rangi ile ilibidi ifutwe juu ya jeraha kwa spiriti. Aliporudi baada ya wiki sita hivi alikataa katakata kusogelea moto. Watoto, aliowapenda, wengi walibaki wakimwogopa.

Lafudhi. Ukifika umetoka Ulaya ukimkimbia Hitler, una kazi ya uhakika: utacheza wafuasi wa Hitler. Conrad Veidt aliihama Ujerumani na mke wake Myahudi, na katika *Casablanca*, iliyopigwa mwaka 1942, amevaa sare ya Meja Strasser. Humo humo, kwenye meza ya kamari, kuna mtu mfupi anayezungusha gurudumu na kutangaza namba. Huyo ni Marcel Dalio, mmoja wa waigizaji wakuu wa Ufaransa, aliyekuwa mwenye kasri katika *The Rules of the Game* ya Jean Renoir miaka mitatu tu kabla. Wajerumani walioiteka Paris walibandika uso wake kwenye mabango, kuwafundisha watu Myahudi anafananaje. Hollywood ikampa hilo gurudumu, na jina lake halimo kwenye orodha ya waigizaji.

Ukiwa mtu mweusi, soma aya hii mara mbili. Utakuwa mtumishi wa ndani au utakuwa kwenye picha ya msituni, ngoma zinalia na chifu anakuja. Hattie McDaniel, binti wa mtumwa wa zamani aliyepigana upande wa Kaskazini, alifika Los Angeles mwaka 1931. Kazi za sinema zilipokosekana alifua na kupika kwenye nyumba za watu, kisha anaitwa studio kuigiza anafua na kupika kwenye nyumba za watu, kwa mshahara mzuri zaidi. Picha ya *Gone with the Wind* ilipozinduliwa Atlanta Desemba 1939, sheria za ubaguzi za kule zilimbakiza nyumbani. Tarehe 29 Februari 1940 akapewa Oscar, Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuipata. Hoteli ya Ambassador haikuwa ikipokea weusi. Ilibidi iombwe imruhusu aingie, na akakaa kwenye meza ndogo peke yake na msindikizaji na wakala wake, mbali na wenzake wa picha. Alichokabidhiwa ni kibao, maana miaka hiyo wasaidizi hawakupewa sanamu kamili. Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alimlaumu kwa kucheza vijakazi. Lawama ile ilikuwa na haki yake, lakini aliyemlaumu hakuwa na nafasi nyingine ya kumpa. Alipofariki mwaka 1952 aliacha ameomba azikwe kwenye makaburi ya Hollywood. Wakakataa.

Na usidhani sisi hatukuitwa. Studio ya MGM ilikuja Afrika Mashariki mwaka 1929 kupiga *Trader Horn*, na Mkenya Mutia Omoolu akacheza Rencharo, mbeba bunduki, nafasi kubwa kabisa. Picha haikuisha, wakampandisha meli mpaka Hollywood aende kuimalizia msitu ukiwa wa studio. Picha ikashindania Oscar, yeye akarudishwa. Miaka michache baadaye, nje ya London, wakajenga kijiji cha Kiafrika studioni kwa ajili ya *Sanders of the River* na Paul Robeson, na miongoni mwa machifu wa kujazia alikuwemo mwanafunzi mmoja mwenye uhitaji wa fedha, Jomo Kenyatta. Nafasi kubwa alikuja kuipata baadaye, kwa njia nyingine.

Fedha? Zipo, kidogo kidogo, kama hulali. Thomas Mitchell, aliyeacha magazeti akaingia jukwaani, mwaka 1939 peke yake alikuwa daktari mlevi wa *Stagecoach*, baba wa Scarlett katika *Gone with the Wind*, mwandishi wa habari katika *Mr. Smith Goes to Washington*, rubani anayepofuka katika *Only Angels Have Wings*, na mfalme wa ombaomba katika *The Hunchback of Notre Dame*. Oscar alipata ya ulevi. Lakini fedha za picha hizo zikirudiwa kwenye televisheni usizisubiri. Mgomo wa mwaka 1960 ulipata malipo ya marudio kwa picha za kuanzia mwaka huo. Kwa za zamani wenye studio walitoa donge moja kwenye mfuko wa pensheni, kwisha. Wajukuu zako watakuona kila Krismasi, bure kabisa.

Faida moja ninayoweza kukuahidi bila kula kiapo ni uzee. Stelingi anauogopa, wewe umekuwa nao tangu ujana. Charles Lane, mwembamba, miwani, midomo imekunjwa kama anakukatalia mkopo, alianza sinema mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuwa karani, mkusanya kodi, hakimu na mtu wa bima katika mamia ya picha. Alisimulia kwamba aliwahi kuingia sinema kutazama picha na kushtuka kujikuta mwenyewe humo, amesahau kabisa kwamba aliicheza. Watu wakimkuta barabarani walidhani ni jirani yao wa zamani asiyependeka. Hakuna aliyempa Oscar. Mwaka 2005, akiwa ametimiza miaka 100, walimwalika kwenye sherehe ya televisheni ili wampigie makofi na kumuaga vizuri. Yeye akawatangazia waliokuwepo kwamba kama kuna mwenye kazi, yeye bado anapatikana.